Jiwe la Tatu Kutoka Mlangoni

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pangu, Igoma, saa tatu ya asubuhi, upawa wa uji mkononi, mtoto mgongoni, nikiitazama Land Rover ya serikali ikisimama kule chini barabarani. Nyuma yake aliketi mume wangu, Ishengoma, katikati ya mgambo wawili. Mikono yake ilikuwa imefungwa kamba.

Wajukuu zangu nimewasimulia hayo mara nyingi, na kila nikifika hapo huacha. Leo nitajikaza nivuke. Hofu niliyokuwa nayo pale mlangoni ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa inanisubiri kwenye jiwe.

Aliyepanda kwanza kuja nyumbani alikuwa Mzee Muhidin, balozi wetu wa nyumba kumi. Nyuma yake mwanamume mmoja mwenye suti ya kaunda na faili kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ima. Nipatie maji ya kunywa."

Nikampa. Akanywa polepole, kikombe kizima, anameza na kupumzika, anameza na kupumzika. Mwenye faili akabaki amesimama, maana hakuna anayemkatiza mzee akinywa maji. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakuwa na kiu. Alikuwa ananipa muda wa kuvuta pumzi.

"Huyu ni Ndugu Shimba," akasema alipomaliza. "Ametumwa. Jibu anachokuuliza, usiongeze wala usipunguze."

Ndugu Shimba akafungua faili lake.

"Wewe ni mke wa Ishengoma, fundi mkuu wa karakana?"

"Ndiye mimi."

"Njia hii ya gari mmeijenga kwa kitu gani?"

"Kwa mawe."

"Mawe." Akaitazama njia yetu kutoka mlangoni mpaka barabarani, yote kijivu, laini, imenyooka. "Mama, mradi wa zahanati umepotelewa na mifuko arobaini ya saruji. Iliyobeba saruji hiyo ni gari ya karakana ya mumeo. Na nyumbani kwa mumeo nakuta njia ya kijivu kama ya hoteli. Niambie tena. Kwa kitu gani?"

Upawa ukaniponyoka.

Kwa wale ambao hamkuwapo mwaka ule wa themanini na tatu, niseme kidogo. Redio ilikuwa imetangaza vita na wahujumu uchumi. Mwenye katoni mbili za sabuni chini ya kitanda hakulala. Watu walibeba mali wakaitupa ziwani. Pale Mwaloni mawimbi yalirudisha miche ya sabuni ufukoni, mpaka mama mmoja muuza samaki akalalamika kwamba sato wake wananuka kufulia. Tulicheka, lakini tulicheka tukiwa tumefunga milango.

Mtu akipandishwa Land Rover hakuna aliyejua atarudi lini. Zilikuwapo nyumba zilizokaa mwaka mzima bila baba.

Na sasa niseme lile ambalo sikumwambia padre hata kwenye kitubio. Ule ukijivu ulikuwa wangu mimi. Nivumilieni niwarudishe nyuma.

Nyumba yetu ilikaa juu ya mteremko, hatua arobaini kutoka barabara ya Musoma. Mume wangu alikuwa na Peugeot 404 aliyoiokota ikiwa chuma chakavu, akaifufua kwa miaka mitatu, kipuri kimoja kimoja. Masika ya mwaka themanini na moja uchungu ulinishika mchana, mvua inanyesha. Akanipakia. Gari likashuka hatua kumi, likazama kwenye tope mpaka milangoni.

Leonsia wangu alizaliwa pale pale, kiti cha nyuma.

Wanaume waliokuwa wakipita barabarani walikuja kusukuma, wakasukuma kwa migongo, nyuso wamezigeuzia barabarani ili wasinione. Sikuwahi kuyajua majina yao. Wanawake waliotoka mashamba walifungua khanga zao wakaziba madirisha. Aliyekishika kichwa changu ni jirani yangu Sihaba, mjane, mshonaji. Alimpokea mtoto, akamfunga kwenye khanga yake mpya ya njano yenye korosho nyeusi.

"Kaa nayo," akaniambia. "Doti ni vipande viwili. Kimoja chako, kingine changu. Kuanzia leo sisi ni watu wa doti moja."

Siku hizo khanga ilipatikana kwa kupanga foleni tangu alfajiri, na huenda ukafika mbele ukaambiwa zimekwisha. Yeye alinikatia nusu ya doti yake.

Leonsia alikua akiilalia khanga ile. Bila hiyo halali.

Mume wangu naye aliapa. "Gari halitanasa hapa tena, Celestina. Tutandike kitu kigumu, kitakachotuzika sisi na kubaki."

"Tumwage kokoto," nikasema.

"Kwenye mteremko huu? Mvua moja tu, kokoto zote ziko barabarani, serikali inatushukuru kwa kujitolea."

"Matofali ya kuchoma."

"Yanapendeza mwaka wa kwanza. Wa pili yanakuwa unga. Ile ni Peugeot, mama, siyo baiskeli."

"Basi saruji."

Akainamia viatu vyake. "Saruji ina kibali. Kibali kina mkubwa. Mkubwa ana ndugu zake. Sitaki kuingia huko."

Hilo *sitaki* lake nalikumbuka mpaka leo, jinsi alivyolisema akiwa ameinamisha kichwa anafunga kamba za viatu. Asubuhi ile mbele ya Ndugu Shimba nililishika kama mtu anavyoshika mti kwenye mafuriko.

Basi mume wangu akamleta Ndalahwa, fundi wa mawe kutoka Buhongwa. Mtu mfupi, miguu peku, kofia ya majani. Alipanda mwambani nyuma ya nyumba yetu, akaupiga kofi kama anayepiga ng'ombe mgongoni, akashuka anacheka.

"Mama, mna chakula jikoni, mnaulizia hotelini."

Nyinyi mnaijua Mwanza, mawe yamekaa juu ya mawe. Ndalahwa aliwasha moto juu ya mwamba tangu asubuhi mpaka mchana, kisha akaumwagia maji baridi. Mwamba ulilia. Ukabanduka bamba kwa bamba, unene wa kiganja cha mkono. Akayachonga kingo kwa tindo, akayashusha kwa mgongo wake. Mabamba mia moja na kumi na mawili.

Alikuwa halazi jiwe kabla ya kulipigia mchanga chini yake na kuukanyaga kwa visigino. Akishalilaza, anagonga kwa nyundo ndogo, anainamisha sikio.

"Sikiliza, mama. Lililolala vizuri linajibu *ti*. Likijibu *bo*, chini kuna uwazi. Hilo unaling'oa, unaanza upya."

Nikimpelekea uji ananipa nyundo nigonge. "Haya mama, nikague." Hakuwa na sababu ya kumpa mke wa mwenye nyumba nyundo yake, ila aliona napenda.

Mawe yale yalikuwa mazuri. Yana rangi ya waridi ndani, na chembe zinazometa jua likipiga. Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Jumapili moja mama mmoja wa kanisani alipita akasimama barabarani. "Kumbe mnatandika mawe," akasema. "Nilidhani mnajenga zizi."

Sikulala vizuri. Huku kwetu mawe ni ya bure, mbuzi wanalala juu yake, watoto wanateleza. Saruji ndiyo ilikuwa heshima. Kesho yake nikamwambia fundi azibe mishono kwa kitu cha kijivu, na mawe yenyewe ayapake, mtu akiwa barabarani aone saruji tupu.

Ndalahwa akajikuna chini ya kofia. "Mama, jiwe ni zuri kuliko saruji."

"Najua, fundi. Watu ndio hawajui."

Akaponda udongo wa kichuguu, akachanganya na majivu yaliyochekechwa, akaziba, akapaka. Ilipokauka nilishuka mpaka barabarani nikageuka kuitazama. Ungeapa ni saruji. Moyo ulininenepa. Na kila mvua ilipoosha, nilichukua ndoo na kitambaa nikapaka upya mwenyewe, kwa magoti.

Basi nilikuwa naandika mashtaka ya mume wangu kwa mkono wangu.

Turudi asubuhi ile.

"Ni kichuguu na majivu," nikamwambia Ndugu Shimba. "Mimi ndiye niliyetaka ifanane na saruji."

"Mtu gani mwenye akili anataka aonekane ana saruji mwaka huu?"

"Ilikuwa mwaka jana, ndugu."

Mzee Muhidin akakohoa. Ndugu Shimba hakucheka.

Majirani wote walikuwa wamefunga milango. Niliona pazia likisogea hapa, likisogea pale, hakuna aliyetoka. Siwalaumu. Hofu ya wakati ule ilikuwa inaambukiza kama surua.

Mlango mmoja tu ulifunguka, wa Sihaba.

Na huyo ndiye niliyekuwa sitaki kumwona kuliko wote. Kwa wiki tatu nilikuwa simsalimu. Khanga ya njano ilikuwa imetoweka kambani, Jumatatu, nilipompeleka Leonsia kliniki. Mtoto akalia siku nne mfululizo. Nikajiuliza nani angeitamani ile kama si mwenye nusu ya pili? Kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wenzetu, nilisema kwa sauti, "Wengine nusu doti haiwatoshi." Sihaba alisikia. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka.

Sasa alipita katikati ya wale wanaume kana kwamba hawapo, akasimama mbele yangu.

"Nipe mtoto, Mama Ima. Unatetemeka, utamwangusha."

Akamfungua Leonsia mgongoni pangu, akampakata. Nami badala ya kumshukuru nikawaza, amekuja kuona. Nikawaza hata kwamba ndiye aliyetuchongea.

"Leteni fundi," Ndugu Shimba akapaza sauti kuelekea barabarani.

Kumbe walikuwa naye kwenye Land Rover. Walikuwa wamemfuata Buhongwa tangu alfajiri. Mgambo mmoja akampandisha, kofia yake mkononi, begi la zana begani. Mguu mmoja alikuwa anauvuta. Sikuthubutu kuuliza.

"Wewe ndiye uliyejenga hii?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Saruji mlitoa wapi?"

"Hapa hakuna saruji, mkubwa."

"Fundi, mimi nina macho."

Ndalahwa akachuchumaa kwa shida. Akachokoa mshono kwa tindo, likatoka donge la kijivu, kubwa kama punje ya mahindi. Akalitemea mate, akalifikicha, akalinusa. Kisha akalitia mdomoni akalitafuna.

Sote tukamtazama. Akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Saruji hailiki, mkubwa," akasema. "Kichuguu kinalika."

Mzee Muhidin akadaka hapo hapo. "Hilo kweli. Mke wangu na mimba ya mtoto wa nne alimaliza kichuguu kizima, mchwa wakahama mtaa. Onja, Ndugu Shimba. Kina chumvichumvi."

Mgambo akacheka, akajizuia. Ndugu Shimba akawatazama mmoja mmoja. Akachokoa donge lake mwenyewe, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Akachukua nyundo ya fundi, akakwangua uso wa jiwe. Kijivu kikatoka kama vumbi la ubao wa shule. Chini yake rangi ya waridi ikametameta.

Akakwangua la pili. La tatu akaliruka, la nne akakwangua. Yote jiwe.

Kisha akafunga faili.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mke nyumbani, "mwaka huu usifanye kitu chochote kifanane na saruji."

"Sitafanya, ndugu."

"Nitashuka nimfungue mumeo kamba."

Mzee Muhidin akanishika kiwiko. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mchwa aliyejenga kichuguu. Nilishukuru mapema mno.

Ndugu Shimba alikuwa bado ana nyundo ya fundi mkononi. Akaanza kushuka, na kama mtu yeyote mwenye nyundo na mawazo kichwani, akawa anagonga anapopita, bila kuwa na neno. Jiwe la kwanza kutoka mlangoni, *ti*. La pili, *ti*.

La tatu, *bo*.

Akapita. Hakujua. Hakuna aliyejua pale isipokuwa watu wawili. Uso wangu niliuzuia usionyeshe. La nne likajibu *ti*, la tano *ti*. Nikamwomba Ndalahwa moyoni, fundi, tazama chini, tazama chini.

Lakini yule alikuwa fundi. Mtu aliyelaza mawe miaka thelathini hawezi kusikia jiwe lake likijibu *bo* akatulia. Kichwa chake kiliinuka chenyewe.

Ndugu Shimba akasimama.

"Fundi, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mkubwa."

"Umeshtuka."

"Mguu unaniuma, mkubwa."

Ndugu Shimba akarudi nyuma, hatua kwa hatua, anamtazama Ndalahwa usoni, siyo mawe. *Ti. Ti.* Alipofika lile la tatu akagonga, na uso wa fundi ukamjibu kabla ya jiwe.

*Bo.*

"Hili lina sauti nyingine."

"Mvua, mkubwa. Mvua ikichimba mchanga, chini panabaki uwazi. Jambo la kawaida."

"Basi ling'oe tuone mvua."

Nikaelekeza macho barabarani. Hatua arobaini zilikuwa kati yetu na Land Rover. Ishengoma hakuweza kusikia neno, lakini aliona tulipokusanyika. Aliona ni jiwe lipi. Taratibu akainuka akasimama, mikono yake iliyofungwa mbele ya kifua. Mgambo akamvuta akae. Hakukaa.

Hapo ndipo yale yote yaliyokuwa yametawanyika kichwani pangu yakaanza kutafutana.

Jumatatu ya kliniki, Ishengoma hakwenda kazini. Alisema ana homa. Niliporudi nilimkuta anatoka jasho, nikamchemshia maji ya limau. Usiku ule nikiloweka suruali yake nilikuta mchanga kwenye mapindo, mchanga mwingi, nikadhani ni wa karakana. Na ni Jumatatu hiyo hiyo khanga ilipotoweka kambani.

Miaka kumi na minne ya ndoa, sikuwahi kumwuliza mume wangu swali ninaloogopa jibu lake. Niliona ni upole. Sasa sijui.

Ndalahwa alipiga goti, akaingiza mtaimbo kwenye mshono. Aliinamia karibu yangu, akasema bila kutikisa midomo, "Mama, hili wameligeuza. Uso wake uko chini, mgongo ndio uliopakwa."

"Nini hiyo?" Ndugu Shimba akauliza.

"Nasema ni zito, mkubwa."

Jiwe likainuka upande mmoja. Mgambo akasaidia. Wakaliegemeza.

Mchanga ulikuwa umechimbwa, shimo la urefu wa mkono. Ndani kulikuwa na furushi lililofungwa kwa waya wa gari, limevingirishwa kwenye kitambaa cha njano chenye korosho nyeusi.

Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Kwenye ncha moja palikuwa na alama ya kuungua, kama jani dogo. Niliunguza mwenyewe kwa pasi ya mkaa, siku ya ubatizo wa Leonsia. Dunia nzima isingekuwa na khanga nyingine yenye jani lile.

Wiki tatu nilimwita jirani yangu mwizi, na mwizi wa khanga yangu analala ubavuni kwangu.

Ndugu Shimba akalinyanyua furushi. Lilikuwa zito, alilinyanyua kwa mikono miwili. Mgambo akatoa kisu.

"Ngoja," Ndugu Shimba akasema. "Nikilifungua sasa, kila mmoja hapa atalikana. Kwanza nijue la nani." Akalilaza juu ya jiwe, akalegeza ile ncha ya khanga ikaning'inia mpaka chini. "Khanga hii ya nani?"

Ndege waliokuwa mwambani nilisikia wakiruka.

Nilifungua mdomo.

"Yangu," mtu akasema.

Alikuwa Sihaba.

Mzee Muhidin akageuka kumtazama kama aliyesikia maiti akiongea. "Sihaba, umesikia swali?"

"Nimesikia, mzee. Ni yangu."

"Na imefikaje chini ya jiwe la watu?" Ndugu Shimba akauliza.

"Niliificha mimi. Jumatatu moja wenyewe hawakuwapo, niliona jiwe linacheza."

"Ndani mna nini?"

"Si mtafungua, mtaona."

Nilimjua Sihaba kwa sauti. Alikuwa hajui ndani mna nini. Alikuwa hajui kabisa.

"Unaweza kuthibitisha ni yako?"

"Ingia nyumbani kwangu. Kwenye kamba ya chumbani pametundikwa kipande cha pili. Doti ni moja, rangi moja, korosho moja. Kila mtu hapa mtaani aliniona nikipanga foleni ya khanga hizo."

Mgambo akaenda. Sikumbuki alikaa huko muda gani. Nakumbuka Leonsia akichezea hereni ya Sihaba, na Sihaba akimwachia, ingawa sikio lilivutika mpaka likawa jekundu. Mgambo akarudi na kipande kile, wakakitandika kando ya furushi. Pindo kwa pindo. Mapacha.

Ndugu Shimba akatikisa kichwa polepole. Niliona alianza kuamini. Mjane, mshonaji, hana wa kumtetea. Ilikuwa rahisi kuamini.

Nilimtazama Sihaba nimwombe kwa macho anieleze. Hakunitazama. Lakini niliona mguu wake. Alisogea nusu hatua, kama anayembadilisha mtoto bega, na kwa kidole gumba cha mguu akaivuta ile ncha iliyoungua, akaikanyaga.

Kumbe aliijua alama. Alikuwapo siku ya ubatizo, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuisugua kwa limau.

"Mama," Ndugu Shimba akanigeukia, "wewe ndiye mwenye nyumba. Jirani yako anasema khanga ni yake. Unathibitisha?"

Kule barabarani Ishengoma aliinua mikono yake yenye kamba juu ya kichwa, akaitikisa. Hatua arobaini. Sikuweza kujua ananiambia niseme au ninyamaze.

Nikisema ndiyo, mwanamke niliyemtukana bombani atapanda Land Rover badala ya mume wangu, na hakuna wa kumfuatilia. Nikisema hapana, nimemfunga baba wa watoto wangu kwa ulimi wangu, na Sihaba naye kwa kudanganya serikali.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mama. Ni ya nani?"

Nikavuta pumzi. Bado sijasema neno, Leonsia akaacha kuchezea hereni. Akaona njano. Wiki tatu hakuwa ameiona. Akajinyoosha kutoka mikononi mwa Sihaba, mkono mmoja mbele, akicheka kwa furaha ya kuonana.

Si kwenye kile kipande kilichotoka kwa Sihaba. Alikiruka hicho. Alinyoosha mkono kwenye furushi.

"Ya mama," akasema.

Ndugu Shimba akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Kisha akaliweka faili chini, akachuchumaa, na kwa adabu kabisa, kama mtu anayemvua mgeni kiatu, akauondoa mguu wa Sihaba juu ya ile ncha yenye jani la kuungua.